Mwalimu Sumari na Ndoo Mbili za Maji

Sijawahi kumwambia mtu yeyote: siku jua lilipopatwa Agosti hii, nilitamani maji yakutwe na sumu.

Mwalimu Abdiel Sumari, anayestaafu tarehe 30 Septemba baada ya kufundisha kemia hapa shuleni kwetu kwa miaka thelathini na moja, hakujua hilo. Alijua tu kwamba bibi yangu wa Kikwe humwaga maji na chakula kila jua linapopatwa, akiamini vimeingia sumu, na kwamba nilipolitaja jambo hilo darasani wenzangu walinicheka mpaka kengele ikalia. Yeye hakucheka. Alisema, "Tupime kwanza, halafu atakayetaka kucheka acheke."

Tulijaza ndoo mbili bombani kwa bibi, maji ya kisima kile kile kinacholisha shule. Moja ikakaa wazi uwanjani pamoja na sahani ya makande, nyingine ikafunikwa stoo. Jua liliporudi, Mwalimu aliyala makande yale yote mbele yetu. Kesho yake alipoingia getini, mpishi wetu, Mama Nasieku, alimpokea kwa sauti: "Shikamoo, marehemu!"

"Marahaba. Makande yamebaki?"

Maji aliyapeleka mwenyewe maabara mjini. Majibu yalipokuja, ndoo zote mbili zilikuwa sawa. Darasa likashangilia. Mimi niliinamisha kichwa, maana bibi yangu alikuwa ameshindwa. Kwa kelele zile, wachache tu walimsikia Mwalimu akiendelea kusoma: floraidi ilizidi kiwango katika ndoo zote mbili, madini yale yale yanayotuachia meno ya kahawia na kuwapinda miguu baadhi ya watoto. Baadaye aliniita pembeni. "Mweleze bibi kwamba hakukosea kuyaogopa maji."

Alitaka kutuachia tangi la maji ya mvua, yasiyo na floraidi hiyo. Aliomba, akafuatilia, akaambiwa asubiri. Anaondoka bado anasubiri, na hilo linatuuma sana. Akituaga mstarini alisema tu, "Samahanini, nimechelewa."

Asante, Mwalimu. Tunakuombea afya, usingizi usio na kengele, na kahawa izae vizuri shambani kwako mlimani.

Jumamosi nilikwenda kwa bibi, nikamsomea majibu yote.

"Kwa hiyo nilimwaga ya siku moja, nikanywa ya siku nyingine zote?"

"Ndiyo, bibi."

Akaniambia nilete ngazi. Nilipanda nikasafisha mfereji wa bati, yeye akaliosha pipa la kukingia maji ya mvua za vuli.