Kifaru cha Mzee Nzioka

Na Swabra Yasin, Stoo

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2006, Mzee Bartholomew Nzioka anarudisha nyundo ya serikali baada ya miaka kumi na sita ya kutengeneza vitu vya kulipuliwa. Alikuja kwenye kituo chetu cha ndege za kivita Machi 1990 akitoka Wamunyu, ambako alikuwa akichonga twiga wa kuuzia watalii. Kazi aliyopewa ilikuwa rahisi: kuunda vifaru vya mbao ili marubani wanaofunzwa wavilenge kwa mabomu ya mazoezi.

Aliunda kimoja. Mpaka leo kingali kimesimama.

Mchongaji hawezi kujizuia. Alikiwekea minyororo, mzinga mrefu na dereva mwenye masharubu anayechungulia nje. Mimi niliyemtolea rangi stoo ni shahidi kwamba amekipaka upya mara nne, na mara zote ni kwa sababu ya jua. Waliowahi kukidhuru ni mchwa peke yao.

Si kwamba marubani wetu walikaa bure. Mwaka 1994 walipiga tangi la maji la kituo, na 1997 wakapiga choo cha maofisa, ambacho kwa bahati kilikuwa kitupu. Februari 1999 bomu likaangukia jiko la Nzioka mwenyewe, kilomita nne nje ya uzio. Mkewe, Kavindu, alikuwa ametoka kuchota maji. Alikuja langoni na sufuria iliyobondeka, isyo ya mahindi na maharagwe ingali imeganda pembeni, akamuuliza mlinzi, "Si mlisema mnapiga mbao? Sasa hii ni mbao?" Kamati iliundwa, ikakaa miezi saba, ikagundua kwamba jiko lilijengwa bila kuzingatia mazoezi. Hakuna aliyemwomba mama huyo radhi, na mimi naona aibu mpaka leo.

Tangu hapo, siku za mazoezi, Nzioka alikula chakula chake cha mchana akiwa ameegemea kifaru. Alipewa barua mbili za onyo. Kufikia 2002 afisa wa usalama alikuwa amehamishia kiti chake palepale, na barua zikakoma.

Sasa Mzee ana wasiwasi, na ana haki. Kuanzia Jumatatu atashinda nyumbani, hatua chache kutoka jikoni. Tulipomuuliza angependa zawadi gani, alikataa saa ya ukutani. Aliomba kifaru chake kisimamishwe kando ya jiko la Kavindu, na ramani ya mazoezi irekebishwe ipasavyo. Mkuu wa kituo alitia sahihi Jumanne. Sisi tunaobaki hatujui tutakuwa tukila wapi.

Asante, Mzee, kwa kazi ambayo hakuna bomu lililoweza kuiharibu. Tunawatakia wewe na Mama Kavindu siku nyingi na tulivu. Marubani wetu wote wameahidi kwamba, kuanzia Jumatatu, watalenga jiko lenu na si kitu kingine.