Kisahani cha Shaba Kutoka Rombo

LEMEIN: Haloo? Haloo, nani anaongea?

KATEE: Ni Katee wa Kitengela. Natumia laini ya duka. Sopa, Lemein.

LEMEIN: Ipa. Nilijua utapiga.

KATEE: Ulijua aje?

LEMEIN: Nilijua tu. Habari ya kazi?

KATEE: Kazi iko. Huko Rombo mmepata mvua?

LEMEIN: Kidogo. Ng'ombe wako sawa. Niko hapa nje na mzee wangu.

KATEE: Msalimie sana. Sikia, sitakaa kwa simu, salio ni kidogo. Ile chupa ya maji ya jeshi uliniuzia, na kile kisahani cha shaba chenye tundu juu. Nimepata mtu. Ni daktari mmoja wa Nkoroi, anakusanya vitu vya ile vita ya kwanza, ya Mwingereza na Mjerumani. Nyumba yake imejaa kofia, beneti, vifungo vya koti, kila kitu.

LEMEIN: Mm.

KATEE: Lakini hanunui bila historia. Siku hizi watu wanatengeneza hivi vitu kwa mafundi wa jua kali, wanafukia kwa mbolea miezi miwili, vinatoka vikikaa vya zamani. Ameshadanganywa hivyo. Kwa hivyo anataka karatasi. Kilipatikana wapi, nani alikipata, kilikuwa na nini. Anakuja saa nane.

LEMEIN: Kilikuwa na nini?

KATEE: Eeh. Kando yake.

LEMEIN: Siku ile hukuniuliza hivyo.

KATEE: Siku ile sikuwa na mteja. Wewe uliniambia ulikuwa unachimba msingi wa nyumba—

LEMEIN: Si kwa msingi. Mawe ndiyo yalienda kwa msingi.

KATEE: Mawe gani?

LEMEIN: Kuna kona ya shamba letu, upande wa mlima. Ilikuwa na rundo la mawe, linanifika hapa kiunoni. Tangu nikiwa mtoto, mzee akipita hapo anaongeza jiwe. Akikosa jiwe anang'oa nyasi mbichi, anaweka. Sisi pia tuliweka. Hatukuuliza, ilikuwa tu ni kitu ya kufanya, kama kufunga boma.

KATEE: Sawa.

LEMEIN: Mwezi wa tatu mzee alilazwa Loitokitok, afanyiwe macho. Mimi nilikuwa najenga na mawe hayakuwa yanatosha. Nikaona yale yako tu pale. Nikaleta trekta.

[mtandao unakwaruza]

KATEE: Umepotea. Umeleta nini?

LEMEIN: Trekta. Nikabeba mawe yote. Na chini kulikuwa na mtu. Unanisikia?

KATEE: Nakusikia.

LEMEIN: Alikuwa amelala kwa ubavu, magoti yamekunjwa. Chupa ilikuwa kwa mkono. Kisahani kilikuwa hapa shingoni, kamba imeoza. Nilivitoa mimi mwenyewe, Katee. Na hii mikono.

KATEE: Hukuniambia.

LEMEIN: Hukuniuliza.

KATEE: Sikuuliza, ni kweli. Kisahani kama hicho ni kitambulisho cha jeshi, hakitembei peke yake. Nilikuwa najua kinatoka shingoni mwa mtu. Nikaona nisiulize. Yeye ulimpeleka wapi?

LEMEIN: Nilimweka kwa gunia la chakula ya ng'ombe, nikamfungia stoo. Nikasema nikimaliza nyumba nitamtafutia mahali. Soila, bibi yangu, hakujua. Watoto hawakujua. Nikamaliza kuta, nikanunua mabati na ile pesa yako, tukahamia.

KATEE: Halafu?

LEMEIN: Halafu Soila akaniambia kuna mtu anapiga hodi mchana. Saa nane, saa tisa, kila mtu akiwa malishoni. Sauti ya mwanaume, chini chini, kama mtu amekauka koo. Siku ya kwanza alimimina chai kabisa, akatoka nayo nje, hakuna mtu. Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hakumimina.

KATEE: Labda ni upepo—

LEMEIN: Upepo haupigi hodi. Na mimi nimemsikia. Nilikuwa nimekaa ndani peke yangu, nikaitikia karibu kabla sijakumbuka.

[mtandao unakwaruza]

KATEE: Na mzee wako?

LEMEIN: Mzee alikaa Loitokitok kwa jamaa mpaka bandeji za mwisho zikatolewa, ndio akarudi. Tulikuwa tunangoja aone nyumba. Yeye aliangalia ile kona tu. Akaniuliza, mgeni wetu ameenda wapi? Hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale kwa njia, ndio akanieleza. Miaka hii yote hakuwahi kunieleza.

KATEE: Alisema nini?

LEMEIN: Alisema wakati wa hiyo vita babu alikuwa bado kijana, moran. Alikuwa na ng'ombe huko chini, akaona mtu anatoka msituni, anatembea akishika miti. Hakuwa na bunduki. Alikuwa mmoja wa wale walikuwa wanabebea jeshi mizigo. Alikuwa anahara damu, wenzake wakamwacha. Alikuwa na hiyo chupa, haina kitu. Wakamchukua nyumbani, wakampa maziwa. Akakaa siku nne. Hakuna mtu alijua lugha yake, na yeye hakujua yetu.

KATEE: Akafa?

LEMEIN: Ya nne. Lakini kabla afe alifanya kitu. Unajua zamani sisi hatukuwa tunazika watu hivi hivi. Mtu akifa alipelekwa msituni, fisi wanamaliza. Huyu mtu ni kama alijua, akaogopa. Akaita babu karibu. Akachimba udongo kidogo na kidole, akaweka kijiti, akafunika. Akamwangalia babu. Akafanya tena. Kwa hivyo babu alimchimbia. Wazee wa boma walikataa, wakasema hiyo ni kuharibu ardhi, akachimba peke yake. Akaweka mawe. Akaambia watoto wake, mkipita muongeze, na mumsalimie. Mzee ameongeza jiwe miaka themanini. Na mimi nikamweka kwa gunia.

KATEE: Sasa yuko wapi? Bado stoo?

LEMEIN: Nilimrudisha siku hiyo hiyo. Nikaleta wilbaro, mzee akakataa, akasema nimbebe kwa bega. Ni mwepesi, Katee. Mtoto wangu mdogo ni mzito kuliko yeye. Mzee akamsalimia kwa jina, akamwomba msamaha.

KATEE: Kumbe jina lake mlikuwa nalo?

LEMEIN: Alikuwa analisema siku zote nne. Hata usingizini. Babu akaona anawafundisha jina lake. Sisi tukipita tunamsalimia, Mbeke, sopa.

KATEE: Rudia hapo.

LEMEIN: Mbeke. Haloo? Katee?

KATEE: Niko. Lemein, wewe unajua mimi ni Mkamba.

LEMEIN: Najua.

KATEE: Hilo jina ni letu.

LEMEIN: Basi alikuwa mtu wenu. Mzee atafurahi—

KATEE: Ni jina la mwanamke.

LEMEIN: Sijaelewa.

KATEE: Hakuna mwanaume anaitwa Mbeke. Na yeye hakuwa Mbeke. Kile kisahani nilikiloweka kwa mafuta wiki moja, ule ukoko wa kijani ukaachilia, herufi zikatoka jana. Kuna nambari, halafu jina. Masila, mwana wa Kilonzo. Kitui.

LEMEIN: Masila.

KATEE: Masila. Huyo Mbeke ni mtu alikuwa anamwita.

LEMEIN: Bibi yake?

KATEE: Bibi, mama, mtoto. Siwezi kujua.

LEMEIN: Ngoja. Ngoja nimwambie mzee. [anaongea Kimaasai mbali na simu] ... Anasema nirudie. Ma-si-la. Analijaribu. Katee, mzee analia. Sijawahi kumwona hivi.

KATEE: Mwache alie.

LEMEIN: Mimi nilitaka kukupigia tangu Jumapili, nikakosa maneno. Ile sauti haijaisha. Jana tena, saa tisa. Mzee anasema mgeni hawezi kutulia, vitu vyake viko Kitengela na mawe yake yamebeba nyumba yangu. Nimeanza kubomoa. Ukuta wa nyuma uko chini. Tumerudi kulala kwa nyumba ya mama.

KATEE: Unabomoa nyumba mpya?

LEMEIN: Ningefanya nini? Na pesa yako iliisha. Lakini niko na mtamba mmoja mzuri, anakaribia kuzaa mara ya kwanza. Uje umchukue, unirudishie chupa na kisahani.

KATEE: Sitaki mtamba.

LEMEIN: Sina kitu ingine.

KATEE: Nimesema sitaki. Ngoja kidogo. Kuna gari imesimama hapa nje. Ni yeye, daktari. Amekuja mapema.

LEMEIN: Katee, nakuomba—

KATEE: Nimeshavitoa kwa kabati ya kioo. Viko ndani ya koti langu, navishika hivi. Nitamwambia haviuzwi.

LEMEIN: Atakubali?

KATEE: Atakasirika, atanunua kwa wengine. Jumamosi nakuja huko. Usiweke mawe yote kabla sijafika, nitataka kumrudishia mimi. Na nitaongea na yeye Kikamba, hata kama ni kidogo. Miaka hii yote hajasikia.

LEMEIN: Asante. Mungu akubariki, Katee.

KATEE: Haya, daktari anagonga, na salio inaisha. Tutaonana Jum—

LEMEIN: Usikate, usikate. Mzee ako na swali.

KATEE: Haraka.

LEMEIN: Anauliza kama kuna mtu alienda kumwambia Mbeke.

KATEE: Sidhani, Lemein.

LEMEIN: Nimwambie hivyo?

KATEE: Mwambie—

[simu inakatika]

LEMEIN: Katee? Haloo? Katee, mzee anangoja.