Kigingi cha Rasi Komba: Miaka 34 ya Mzee Urbano Kitundu

Baada ya miaka thelathini na minne ya kupimana ubavu na bahari, Mzee Urbano Kitundu, mpimaji wa ngome ya kale ya Rasi Komba, anastaafu leo tarehe 30 Juni 2024. Sisi wenzake wa pwani tumemsindikiza hadi kwao Kinyangiri. Mimi Martina, mzaliwa wa Misigiri niliyefanya kazi chini yake miaka kumi na moja, nimepewa kuandika wasifu huu. Ningekuwa na haya ningekataa.

Alitoka hapa akiwa na miaka ishirini na sita, akaacha mtama na ng'ombe, akaenda kulinda mawe ya kando ya bahari. Kuogelea hakujua, na hajui mpaka leo. Kila likizo alirudi kazini na mlenda mkavu, akisema pweza ni chakula cha mtu aliyekata tamaa. Asubuhi aliuamkia ukuta shikamoo, maana mkubwa ni mkubwa. Tulimcheka, kisha nasi tukaanza kuuamkia.

Kazi yake ilikuwa kufuatilia bahari inavyoila ardhi chini ya ngome. Alipigilia kigingi karibu na mnara wa kaskazini, na kila mwezi akapima kutoka hapo hadi ukingoni, pale ardhi inapokatikia majini. Mwaka wa kwanza zilikuwa mita arobaini na moja. Mwaka 2018 zilibaki tisa. Aliomba tuta la kuzuia mawimbi mpaka masjala wakamjua kwa mwandiko. Hatimaye wakubwa waliahidi kwamba zikishuka chini ya nane, tuta litajengwa.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mwaka 2019, yeye akiwa huku likizo ya mavuno, mbuzi wa jirani alifungwa kwenye kigingi, akaking'oa. Nikafanya tulivyozoea kwetu: kigingi kikilegea, unatafuta udongo mgumu unakigonga hapo. Nilikisogeza mita tatu nyuma, kuelekea mnara, wala sikumwambia. Vipimo vikapanda. Wakubwa wakafurahi kwamba bahari imetulia, ombi la tuta likawekwa kando. Aprili 2022 mawimbi yakauchukua mnara.

Alipoitwa kujieleza, nilimwambia ukweli nikilia. Akanijibu kwamba nina watoto wadogo, ninyamaze. Akaandika kuwa kigingi ni chake na kosa ni lake. Wakamvua cheo. Habari zikafika hata huku kwamba Urbano ameangusha mnara wa serikali, na mkewe, mama Asnath, amezisikia sokoni mpaka akaacha kwenda. Nami nikanyamaza miaka miwili. Sasa ngome iliyobaki ina mita nne za ardhi mbele yake. Tuta halijajengwa, na kusema kweli sioni kama litajengwa.

Watu wa Kinyangiri, aliyekosea ni mimi, si Urbano. Viongozi wetu wa kazini wako meza ya mbele, nao wasome hivyo hivyo.

Asante, Mzee wangu. Ule mtama wako kwa amani, na wajukuu wakusumbue vya kutosha. Jina lako nimekurudishia leo. Mnara sina wa kukurudishia.