Nyuzi Kumi na Nne

Kijiwe chetu kiko ubavuni mwa karakana yangu ya kutengeneza majokofu, na benchi lenyewe ni friza iliyokufa. Nimeilaza chali na kuifunika ubao, kwa sababu mwenyewe hakurudi kuichukua. Wanaoikalia ni wale wale. Kuna Kepteni, mlinzi mstaafu wa ghala la bandarini, ambaye hajapanda chombo kikubwa kuliko kivuko lakini anasimulia bahari zote za dunia. Kuna Bando, muuza vipuri vya pikipiki, simu haimtoki mkononi. Kuna Shangazi, mwenye birika la kahawa, shangazi wa watu wote na mkali kwa watu wote. Mimi wananiita Fundi. Shule niliiacha mapema, ninachokijua nimekichokonoa ndani ya mashine kwa mikono hii, na mtu akidanganya mbele yangu namwambia hapo hapo, awe mkubwa awe mdogo. Asubuhi hiyo aliyetujia akitabasamu alikuwa Mzee Pindo, fundi cherehani wa mlango wa pili, futi ya kupimia shingoni, sindano kwenye ukosi wa shati.

— Nimepata salamu za kitinda mimba, akasema. Leo ndiyo leo. Wanaingia majini muda si mrefu.

Sote tulijua habari hiyo. Binti yake wa mwisho alikuwa amechaguliwa kwenda ng'ambo kwenye mashindano ya kuogelea, na si ya bwawani, ni ya bahari, kutoka ufuko mmoja mpaka ufuko mwingine.

— Anaendeleaje mtoto? Shangazi akauliza huku akimimina.

— Vizuri sana. Mimi nilikuwa nahofia baridi ya huko. Lakini katuma sauti, kasema joto la maji ni nyuzi kumi na nne. Nikashusha pumzi. Kumbe joto lipo! Nikamjibu, ingia mwanangu.

— Nyuzi kumi na nne? nikamuuliza.

— Kumi na nne, Fundi. Suruali nzima naishona kwa uzi mmoja, sembuse nyuzi kumi na nne.

Akacheka. Alikuwa anatania, ila nusu tu. Ile nusu nyingine niliiona machoni: mzee ameamini kabisa.

— Hizo nyuzi si za cherehani, mzee wangu.

— Najua si za cherehani, mimi si mtoto. Lakini kasema joto. Angesema baridi ya maji ni nyuzi kumi na nne, hapo ningeshtuka.

Nikaona tatizo liko wapi, nikakosa pa kuanzia. Hili neno letu joto tunalibebesha mizigo miwili. Jua likichoma tunasema joto, na barafu ikipimwa tunasema joto lake nyuzi kadhaa. Mtu anayeshinda kwenye cherehani atajuaje ni mzigo upi umebebwa leo?

Kabla sijafungua mdomo, Bando alikwisha kuingia mtandaoni.

— Ngoja tulinganishe. Hapa pana bahari zote. Sisi hapa kwetu leo, ishirini na nane.

— Ishirini na nane nini? Mzee Pindo akauliza.

— Nyuzi. Maji yetu ya hapa. Bahari ya Shamu thelathini na moja. Mediterania ishirini na sita. Kule Aktiki kwenye barafu, sifuri kasoro moja.

— Na alipo mwanangu?

Bando akatelezesha kidole. Akatazama. Akanitazama mimi.

— Kumi na nne kweli.

— Kwa hiyo ni nusu ya yetu.

— Nusu kamili, mzee.

Tabasamu likamtoka mzee. Akakaa. Kikombe alichopewa akakishika bila kunywa.

— Msimtishe mwenzenu, Kepteni akasema. Maji ya baridi ni mazito. Mtu anaelea juu kama kifuniko cha chupa. Kule hata asiyejua kuogelea hazami.

— Nani kakwambia? nikamkatiza.

— Mabaharia.

— Mabaharia gani? Wewe ulikuwa unalinda magunia.

— Magunia yalikuja na mabaharia, Fundi! Halafu sikiliza, bahari zote ni maji yale yale. Yanazunguka. Haya ya hapa, yana joto la kwetu, yanasafiri kwenda kule. Yule mtoto ameoga maji haya tangu mdogo. Yakimkuta kule yatamjua.

— Yatamjua! Shangazi akaguna. Yatamwita na jina?

— Shangazi, wewe unacheka. Mtu akipiga mikono kwa nguvu, maji yanayomzunguka yanapata moto. Ni kama injini. Wenzake walio nyuma yake wataogelea kwenye maji vuguvugu kwa hisani yake.

— Kepteni, nikamwambia, nenda kapige makofi kwenye ndoo ya maji, ukishaichemsha uniite nije kuoga.

Bando akapiga ukelele.

— Yesu na Maria! Imepanda! Sasa inasema hamsini na saba!

Mzee Pindo akasimama, kahawa ikamwagika kwenye kandambili.

— Hamsini na saba? Si atababuka ngozi!

— Volkano, Kepteni akasema, sauti imemshuka. Chini ya bahari kuna volkano. Nilisema mimi.

— Hukusema! Lete hapa hiyo simu. Nikamnyang'anya Bando. Umebonyeza kipimo kingine, kile cha Wamarekani. Mzee Pindo, tazama futi yako hiyo shingoni. Upande mmoja ina inchi, upande wa pili ina sentimita. Kiuno ni kile kile, namba mbili. Hamsini na saba yao ndiyo kumi na nne yetu.

Mzee akaishika futi, akaigeuza upande huu na upande huu, akaelewa mara moja. Afadhali asingeelewa.

— Basi ni kumi na nne ile ile ya baridi.

— Ndiyo.

— Kwani baridi yake ikoje? Niambie kweli, Fundi. Wewe ndiye mtu wa baridi.

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia, maana mtu akinitaka ukweli nampa wote, hata asioutaka.

— Watu wanadhani friji linatengeneza baridi. Uongo. Friji linachukua joto lililomo ndani na kulitoa nje, basi. Na maji ni hivyo hivyo. Maji hayamtii mtu baridi, yanamnyonya joto. Na hayashibi.

Shangazi alinitupia jicho ambalo lingeweza kugandisha soda.

— Sasa ndiyo umesema nini, Fundi?

— Nimesema ukweli.

— Ukweli wako umeuleta na nyundo.

Mzee Pindo alikuwa ameshatoa simu yake. Kidole gumba kikatafuta jina la binti.

— Huyu mtoto nikimwambia toka mashindanoni, anatoka. Hajawahi kunibishia. Ananingoja nimpe neno la mwisho kabla hawajapanga mstari. Na neno nililompa nimempa bila kujua. Nimemwambia joto lipo!

— Mwambie atoke, akasema Shangazi. Medali haivaliwi na maiti.

— Atoke tena! Bando akaruka. Shangazi, mtoto ana miaka anajiandaa. Umeona mabega yake? Na samaki wa kule wana dawa kwenye damu ya kuzuia isigande, nimesoma. Labda na watu wanachomwa sindano hiyo kabla ya kuingia.

— Labda! Labda! Hasira zikanipanda, na mimi zikinipanda nafanya kazi. Kaeni hapo.

Nikaingia karakana, nikatoka na ndoo ya maji, barafu ya kwenye friza ninayoijaribu, na kipimajoto changu cha kazi. Nikatia barafu kidogo kidogo, nikakoroga na mpini wa bisibisi, mpaka kipimo kikasoma kumi na nne. Nikatoa vipande vilivyobaki.

— Haya. Bahari ya mtoto hii hapa. Tieni mikono.

Bando akatia mpaka kwenye kiwiko, akacheka: — Aa, mbona raha tu, kwa hili jua! Baada ya muda kicheko kikapungua. Akahamisha miguu. Akasema kuna mteja dukani, akautoa mkono na kuufuta kwenye suruali, wala hakwenda dukani.

Kepteni alitia vidole, akavitoa haraka na kusema vidole vyake vina jeraha la zamani.

Mzee Pindo akavua saa. Akakunja mkono wa shati kwa mikunjo ya kupendeza, kama anavyokunja kazi ya mtu, akautia wote mpaka kwenye bega. Tulikaa. Shangazi alipita na birika kwa watu wawili watatu wa barabarani, akarudi, mzee bado yumo. Midomo akaibana.

— Toa, mzee, nikamwambia. Umeshaona.

— Yeye hatoi.

— Mzee Pindo, toa mkono!

Akautoa. Ulikuwa umepauka. Akautazama kama wa mtu mwingine, kisha akapapasa ukosi, akachomoa sindano, akataka kuishika kama anavyoishika siku zote. Ikaanguka. Akaiokota kwa mkono wa kushoto, akaiweka kwenye vidole vya kulia, ikaanguka tena.

— Huu ni mkono tu, akasema. Yeye anaingiza kifua. Moyo umo kifuani, jamani.

Nami ile ndoo nikaichukia. Nilidhani ningempa kipimo, kumbe nimempa baridi yenyewe akae nayo. Nikaibeba nikaimwaga mtaroni.

Wakati narudi nilimkuta mama mmoja amesimama mbele ya benchi na mfuko wa nguo, mteja wa Mzee Pindo, amefuata sketi aliyoileta ipunguzwe. Shangazi alikuwa anamweleza haraka haraka: binti, bahari, kumi na nne, ishirini na nane, mzee anataka kumwambia atoke. Yule mama alisikiliza yote, mfuko kifuani. Halafu akauliza:

— Akizidiwa katikati ya maji, nani anamwona?

Bando aliangalia simu. Simu ilikuwa na bahari zote humo ndani, na jibu hilo haikuwa nalo. Mimi nikaangalia kipimajoto changu, maji bado yanakichuruzika. Tulikuwa tumezunguka dunia nzima asubuhi hiyo, na hakuna aliyekuwa amemuulizia mtoto.

— Alipojifunza hapa, pale gatini, nilikuwa namwona mimi, Kepteni akasema taratibu. Niliagizwa nifukuze watoto. Wengine niliwafukuza. Yeye nilikuwa nasimama pembeni namhesabu kila anapotoa kichwa.

Mzee Pindo akamgeukia.

— Hukuwahi kuniambia.

— Ungemkataza.

Mzee akapiga simu, kwa mkono wa kushoto. Akaiweka sauti ya nje, nadhani kwa bahati mbaya. Upepo ukavuma humo ndani, na watu wengi wakiongea lugha nyingine.

— Baba! Tunapangwa sasa hivi. Umepata nafasi ya kuniombea?

— Mwanangu. Ukizidiwa humo majini, nani anakuona?

Nadhani alitegemea swali jingine.

— Mwalimu, baba. Yumo kwenye kiboti kidogo, ananifuata ubavuni njia nzima. Kila mwogeleaji ana kiboti chake. Nikiinua mkono wananitoa. Lakini ukiinua mkono ndiyo basi, umeshatolewa mashindanoni.

— Unaona baridi?

— Naona, baba. Nimeizoea kidogo wiki hii. Si yote. Akatoa kicheko chembamba. Niingie au nisiingie?

Tulimtazama mzee. Shangazi alikuwa anatingisha kichwa, hapana, hapana, bila sauti. Bando alikuwa ameng'ata ukucha. Mzee Pindo alifungua na kufunga ile ngumi iliyopauka.

— Ingia, akasema. Lakini sikiliza. Mkono inua mapema. Usingoje mpaka ushindwe kuuinua. Usituonee haya sisi, hapa hakuna mtu wa kumwonea haya. Umesikia?

— Nimesikia, baba.

— Niambie nilivyosema.

— Niinue mapema. Nisione haya.

Filimbi ikalia kule, simu ikakatika.

Yule mama mwenye sketi hakudai sketi. Alisogezewa nafasi akakaa.

— Itachukua muda gani? Bando akauliza.

— Kama saa mbili, akasema mzee. Akienda vizuri.

Hakuna aliyeuliza vinginevyo. Shangazi aliinamisha birika kwenye kikombe cha mzee, likatoa masimbi ya kahawa, akalitikisa, akaliweka chini ya benchi. Siku nyingine hapo ndipo tunapotawanyika, kila mtu na kazi yake. Nilikuwa na friji la mchinja nyama linaloningoja wazi kama mgonjwa wa upasuaji. Sikuinuka. Barabara ikaendelea na mambo yake, na sisi sita tumekaa juu ya friza tunatazama simu ya mzee kama inapikwa.

— Semeni, Mzee Pindo akasema ghafla. Mbona mmenyamaza? Semeni chochote. Mkinyamaza nasikia maji.

Bando akajikohoza. Mzee akamgeukia Kepteni.

— Wewe. Wewe hukosi.

Kepteni alivua kofia, akaivaa tena.

— Basi, akaanza, sauti haijakaa sawa. Kuna bahari moja, mabaharia walinisimulia. Maji yake vuguvugu mwaka mzima. Mtu akichoka hahangaiki. Anajilaza chali tu, na mawimbi ya bahari hiyo yana tabia yake, yanambeba mtu taratibu, yanamrudisha nchi kavu yenyewe.

Mzee Pindo akanitazama mimi. Wote wakanitazama mimi, wakingoja nimkate Kepteni kauli kama kawaida yangu.

— Ipo hiyo, nikasema. Hata mimi nimeisikia.