Kamati ya Ufundi Yachagua Spika

Pale Kirumba, ukitoka uwanja wa mpira kushuka Mwaloni, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili. Mawe hayo hakuna aliyeyaweka, yalikuwepo kabla ya mji. Wanaokaa juu ya ubao huo wanajiita Kamati ya Ufundi, ingawa kati yao hakuna fundi wa kitu chochote. Yupo Bashiru, anayeitwa Injinia kwa sababu siku moja aliipiga teke nguzo ya umeme na taa za mtaa zikarudi. Yupo Msafiri, anayeitwa Dubai kwa sababu aliwahi kumsindikiza shemeji yake uwanja wa ndege. Yupo mzee Pius, aliyekuwa tarishi mahakamani mpaka akastaafu, kwa hiyo ni Hakimu. Kazi yao ni kunywa kahawa ya Shamsia na kuamua mambo ya watu wengine, na Alhamisi hiyo asubuhi waliletewa kesi ya spika.

Mwenye kesi alikuwa Malimi, mpiga gitaa la solo na kiongozi wa Mwaloni Jazz. Bendi hiyo ilikuwa na watu kumi na mmoja, sasa inao watano. Kila harusi waliyoitwa walikodi mziki wa mtu, yaani spika na mitambo yake, na kila harusi ilipokwisha mwenye mziki ndiye aliyeondoka na chake, wapigaji wakabaki wakigawana soda. Mpiga besi akahamia kwenye bodaboda. Wa tarumbeta akaokoka. Malimi akaona dawa ni bendi kuwa na spika zake, hata ziwe za bei ya chini, akaenda kwao Kwimba kuuza ng'ombe wawili walioachwa na baba yake. Mama yake alimwangalia akiwaswaga mpaka barabarani. Jumamosi kuna harusi Kisesa, ya kwanza tangu Pasaka. Ikiharibika hiyo, bendi imekufa, na Malimi hakuwa na kazi nyingine anayoijua wala aliyowahi kuitaka.

Basi mwenye duka la ng'ambo ya barabara alikubali spika zake mbili zivushwe mpaka kijiweni, zijaribiwe kabla hazijalipiwa, na waya mrefu ukavushwa nyuma yake. Zilikuwa za plastiki, nyeusi, zina taa za rangi tumboni. Odeta, mwimbaji wa bendi, alifika akitokea kwenye dagaa zake Mwaloni, ameifunga maiki ndani ya kanga.

– Shikamoo mzee Hakimu.

– Marahaba mwanangu. Umekuja na ushahidi?

– Nimekuja kuimba. Nijaribu sauti kidogo, Malimi apige gitaa, tusikie zinatutoaje.

Injinia alimwangalia kwa huruma, kama daktari anavyomwangalia mgonjwa aliyejiandikia dawa.

– Dada Odeta, wewe ni binadamu. Leo umeamka na mafua, spika itaonekana mbovu bure. Na huyu Malimi gitaa likimponyoka, tutajuaje aliyekosea ni kidole au ni spika?

– Sasa tujaribu na nini?

– Flash. Spika inajaribiwa na flash. Flash haikosei.

Kamati ikaafiki kwa kauli moja. Malimi alitaka kubisha, lakini mwenye shida habishani na watu anaowaomba ushauri. Alikuwa na flash mfukoni, ina wimbo wao waliorekodi studio mwaka juzi, bendi ikiwa bado nzima. Akamwambia Odeta akae kidogo. Odeta akakaa mwisho wa ubao, maiki mapajani. Injinia akaichomeka flash, akabonyeza, na papo hapo umeme ukakatika mtaa mzima.

– Ipige teke nguzo, – Dubai alisema.

– Nguzo ile ilikuwa ya mti. Hizi za zege zinaumiza.

Shamsia akawamiminia kahawa, na kwa kuwa hakukuwa na cha kusikiliza, wataalamu wakaanza kazi.

– Mimi sihitaji hata kuisikia, – Injinia alisema. – Soma hapo nyuma. Wati elfu tano.

– Pasi ya nyumbani kwangu ina elfu moja, – Hakimu alisema, – na nikiichomeka, jirani anatoka nje kuuliza kuna nini.

– Ndiyo upate picha ya nguvu yake, mzee.

– Wati ni maandishi, – Dubai alisema. – Hata mimi naweza kuandika elfu tano kwenye kandambili. Spika inapimwa kwa mgongo. Kule Dubai...

– Kule uliposindikiza.

– Kule. Unaibeba, kiuno kikilia kabla yake, hiyo ndiyo spika. – Akainyanyua moja kwa mkono mmoja, akaizungusha. – Hii ni ndoo tupu.

– Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, – Injinia alijibu. – Unataka livume au linyamaze? Ndani kukiwa kutupu, sauti inapata pa kukaa.

– Mimi nilifungua nzito moja, nikakuta wameweka tofali.

– Si umesema nzito ndiyo nzuri?

– Ilikuwa nzuri. Nilipolitoa tofali ndipo ikaharibika.

Malimi hakucheka. Alikuwa hajalala vizuri tangu arudi kutoka Kwimba. Akaingiza kesi yake ya pili, kwamba kuna kanisa Pasiansi linauza spika zake za zamani, za mbao, na bei haipishani. Jumapili alikwenda akasimama nje ya dirisha, akasikia besi yake ikitulia vizuri chini ya kwaya.

– Zile usiguse, – Hakimu alisema. – Zimeokoka.

– Spika, mzee?

– Zimesikia mahubiri miaka yote ya maisha yake. Ukizipigia rumba zitakohoa. Samaki mkunje angali mbichi, mwanangu, na hizo zimeshakauka.

– Na pale wanakemea mapepo kwa maiki, – Injinia aliongeza, sauti ikashuka. – Jiulize kitaalamu. Pepo akitoka kwa mtu, mlango umefungwa, madirisha yana nyavu, anaingia wapi?

– Wapi? – Dubai aliuliza.

– Kwenye waya. Ule mlio wa vuuu unaousikia kabla mtu hajaongea unadhani ni nini?

Dubai akasogea mbali kidogo na waya wa dukani, ingawa haukuwa na umeme wala haukuwa wa kanisa.

– Mimi ningependa tusikie tu nikiimba, – Odeta alisema taratibu. – Umeme ukirudi.

– Subira, dada. Kwanza tumalize ufundi.

Hakimu alikuwa ameinua kidole. Mahakamani alikaa miaka akisubiri kuinua kidole, na hapa hakuna wa kumzuia.

– Kosa lenu mnachagua spika bila kuuliza inakwenda kulia wapi. Inakwenda Kisesa. Hapa Kirumba besi ikitoka inagonga mwamba, inarudi. Unaisikia mara mbili kwa bei ya mara moja. Kisesa kuna mwamba gani wa maana? Besi ikitoka haina wa kuirudisha. Itapita juu ya wageni, ivuke Magu, ikaingie Bariadi. Watu wa Bariadi watacheza harusi wasiyoalikwa, na wa Kisesa watakaa wanakutazameni.

– Sasa dawa yake nini? – Malimi aliuliza, na akajichukia kwa kuuliza.

– Ubebe mawe. Mawili yanatosha, ya hapa hapa. Uyaweke nyuma ya viti vya wazee. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Hayo nayo yanataka gari, – Dubai alisema. – Na gari lenyewe likiwa jepesi, halitafika.

Hapo Malimi alikata tamaa, si kwa upole bali kama mtu anayeachia kamba. Aliona Jumamosi kama imeshapita. Aliona turubai, viti, hizi ndoo mbili zenye taa zinakoroma mbele ya wakwe, Odeta akipasua koo, watoto wakiziba masikio. Akawaona na wale ng'ombe, yule mwenye baka shingoni aliyekuwa anafuata sauti ya baba yake bila kuitwa. Akasema waziwazi, bila kumlenga yeyote:

– Naogopa, jamani. Nikikosea hapa sina pengine pa kuanzia.

Shamsia akamwongezea kahawa bila kuombwa. Ndipo umeme ukarudi.

Taa za spika ziliwaka buluu, zikawaka nyekundu, na wimbo ukaanza.

Ulianza na tarumbeta. Wote walikuwa wamesahau jinsi yule bwana alivyokuwa akiipuliza kabla hajaokoka. Ikaingia besi, nene na yenye adabu, kisha sauti ya Odeta ikapanda juu yake kwa ulaini wa mtu anayevuka mlango wa nyumbani kwake. Mwendesha bodaboda mmoja akapunguza mwendo. Wanawake wawili wenye ndoo za samaki wakasimama. Dubai akafumba macho. Malimi alihisi kifua kinafunguka, akathubutu kufikiri kwamba labda, kwa mara moja, amechagua sawa.

– Unaona, – Injinia alisema. – Wati elfu tano.

Mmoja wa wale wanawake aliweka ndoo chini, akaja mpaka ubaoni. Malimi akanyanyuka. Mwanamke huyo alikuwa Sabina, mama wa Queen, bibi harusi wa Kisesa, aliyekuja mjini kununua sato wa Jumamosi.

– Mwangaluka, Malimi, – alisalimia kwa Kisukuma. – Nilikuwa nakutafuta. Nataka kujua mko wangapi, nipange sahani. – Akainamisha sikio kwenye spika. – Huu wimbo mtamu. Ni kina nani hawa?

– Ni sisi, mama.

– Ninyi wenyewe? Na huyu mwanamke?

– Huyo hapo.

Odeta alisimama na maiki yake.

– Shikamoo mama.

– Marahaba mwanangu. Umejaliwa. – Sabina alisikiliza tena, akatabasamu. – Na tarumbeta hiyo. Baba yake Queen anapenda sana tarumbeta. Atakuja nayo Jumamosi?

– Aliokoka, mama. Siku hizi tupo watano.

– Kwa hiyo Jumamosi haitalia hivi.

– Itakaribia.

– Na spika ni hizi?

– Hizi hizi. Zitakuwa zetu.

Sabina alitafakari. Hakuwa na ubaya wowote usoni, ni mama mwenye harusi tu, anayehesabu sahani. Akageuka akamtazama Malimi, na sauti yake ilikuwa ya upole.

– Nikuulize, baba, usinielewe vibaya. Spika zipo. Wimbo umo humo ndani, nyote mmo, na tarumbeta yenu, na mnalia vizuri hivi. Sasa Jumamosi nyie mnakuja kufanya nini?

Injinia akainama kusoma tena maandishi ya nyuma ya spika. Dubai akakagua viatu vyake. Hakimu alinyoosha kikombe kwa Shamsia, kikiwa bado kimejaa. Malimi alitaka kusema kwamba bibi mzee akisimama kucheza, bendi inamwona, inauzungusha wimbo mpaka afike katikati ya uwanja na arudi kwenye kiti chake. Kisha akakumbuka kwamba hata DJ huuzungusha, kwa kubonyeza mahali pamoja. Akatafuta kingine. Mwisho wa ubao Odeta aliiviringisha maiki ndani ya kanga, taratibu, akaifunga fundo.

Kwenye spika, solo la Malimi lilikuwa limeanza, lile la mwaka juzi, na halikukosea hata mahali pamoja. Sabina alisimama pale akimwangalia kwa heshima, akisubiri ajibiwe.