Jinamizi si Jini Amisi: Maisha ya Marehemu Daktari Silivano Ongodia

Wasifu huu umeandikwa na familia, na unasomwa na bintiye, Akiror, leo Jumamosi tarehe 10 Machi 1979, nyumbani kwa marehemu, kando ya barabara ya kutoka Malaba kwenda Amagoro. Familia inawaomba waombolezaji wausikilize mpaka mwisho. Marehemu alisikilizwa nusunusu maisha yake yote, na ile nusu ndiyo iliyomkera hadi siku ya mwisho.

Silivano Ongodia alizaliwa Amukura mwaka wa 1924, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Omagor na marehemu mama Atyang, akabatizwa katika misheni ya hapo. Akiwa mdogo alikuwa na shida moja. Alikuwa akiamka, anaona nyumba, anaona mbuzi waliofungwa pembeni, anamsikia mama yake akikoroma, lakini hawezi kuinua hata kidole wala kumwita, na kitu kizito kimemkalia kifuani. Bibi yake alimfukiza kwa majani. Mjomba alichinja kuku. Mganga mmoja kutoka ng'ambo ya mto alimchanja kifua, na alama zile anazikwa nazo leo. Kila mtu mzima alijua ni nani anayemkalia yule mtoto, na kila mmoja alitaja jina lake tofauti. Hakuna aliyemuuliza yeye mwenyewe analala vipi.

Alisoma katika shule ya misheni ya Amukura, kisha akaenda kusomea uuguzi. Mwaka wa 1948 aliajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Nairobi, na huko alikaa zaidi ya miaka ishirini. Hakuwa daktari wa cheti. Alikuwa muuguzi, na alilisema hilo kila alipopata nafasi, lakini Malaba ikishakuita daktari huna pa kukata rufaa. Katika hospitali ile alifanya kazi chini ya daktari mmoja aliyekuwa akichunguza usingizi, na hapo ndipo alipopata jibu la utoto wake. Alifundishwa kumtazama mtu aliyelala mpaka macho yaanze kutembea chini ya kope, huku na huku, kama ya mtu anayesoma gazeti. Huo ndio wakati wa ndoto kali. Wakati huo ubongo unaulegeza mwili wote, mikono na miguu, ili mtu anayeota anakimbia asiinuke kweli akagonga ukuta. Lakini mara nyingine akili hutangulia kuamka na mwili ukabaki nyuma. Hapo unaona chumba na huwezi kusogea, pumzi unaiona nzito, na ndoto ambayo haijaisha inakuchorea mtu juu ya kifua. Ukisubiri kidogo, mwili unafika, na yule mtu hayupo. Marehemu alisema siku alipoelezwa hayo alitoka nje akakaa kwenye ngazi za wodi akalia, kwa hasira ya yule kuku aliyechinjwa bure. Muuguzi mwenzake wa kutoka Mombasa, dada Nusura, ndiye aliyemfundisha kwamba hali hiyo ina jina lake la Kiswahili, nalo ni jinamizi. Alilipenda neno hilo kupita kiasi. Lingekuja kumtesa.

Mwaka wa 1951 alifunga ndoa kanisani na mama yetu, Akurut, binti wa Kocholia, na Mungu akawajalia watoto watano. Mama amekubali jambo moja lisemwe hapa. Katika miaka ya kwanza ya ndoa, baba alikuwa akimtazama macho akiwa amelala, na yakianza tu kutembea anamwamsha.

"Ulikuwa unaota nini?"

"Nilikuwa naota mume ambaye ananiacha nilale," mama alimjibu, akageukia ukuta.

Alirudi nyumbani mwaka wa 1970 kufanya kazi katika zahanati ya serikali karibu na Malaba. Wagonjwa waliokuja kulalamika kwamba wanakabwa usingizini walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa vijana wenye nguvu, si watoto. Hakuchukua muda kujua sababu. Ilipofika mwaka wa 1976, bei ya kahawa ilipopanda, nusu ya wanaume wa hapa walikuwa wakibeba magunia ya magendo usiku kuvuka mto kutoka Uganda na kulala chali mchana kama magogo, leo saa hizi, kesho saa zile. Mwili unaochoshwa hivyo ndio unaokabwa. Marehemu alimwomba chifu nafasi kwenye baraza awaelimishe watu mara moja kwa wote.

Baraza lilikuwa na Wateso, Wasamia, Wamarachi na wafanyabiashara wa kila asili, kwa hiyo akachagua Kiswahili, na alimweka jirani yetu Opio awatafsirie wasiokielewa vizuri. Alieleza vizuri. Alieleza macho, alieleza ubongo, alieleza mwili unaochelewa. Kisha akainua kidole na kusema lile neno lake: "Hiyo inayowakalia kifuani ni jinamizi."

Sasa, sisi wenyewe tunajijua. Herufi ya z inatutoka s, na h haitutoki kabisa. Sokoni Malaba kulikuwa na fundi cherehani, Bwana Hamisi Yahya, Mwislamu mpole, ambaye hapa hajawahi kuitwa vingine ila Amisi. Opio alisikia jinamisi, akafikiri kidogo, akawageukia watu.

"Daktari anasema ile kitu inakalia nyinyi usiku ni jini ya Amisi."

Baraza zima likapumua. Marehemu aliruka kwenye kiti.

"Hapana! Si jini Amisi, ni jinamizi!"

"Amerudia tena," Opio akasema. "Ni jini Amisi."

Familia haimlaumu Opio, na yuko hapa. Tunachouliza ni kwa nini watu walikubali haraka vile. Jibu marehemu alilijua. Kukubali maneno yake kulikuwa kukiri kwamba usiku hulali, na chifu alikuwa ameketi palepale na fimbo yake. Jini halina kesi na chifu. Jini lilimfaa kila mtu isipokuwa Amisi.

Kuanzia wiki ile hakuna aliyepeleka kitambaa kwa fundi Amisi. Walisema hushona jini ndani ya pindo. Wateja walichukua nguo zao hata hazijaisha, mkono mmoja umewekwa na mwingine bado. Marehemu alizunguka kijiji kwa kijiji akirekebisha, na kila alipolitamka neno aliliongezea moto. Alipoacha kulitamka, akawa anasema tu "kukabwa na usingizi", walinong'ona kwamba hata daktari sasa anaogopa kumtaja. Aliwaambia wasilale chali, walale kwa ubavu, na wapumzike saa zilezile kila siku. Wengine walifuata, wakapona. Alipowauliza sasa wameamini, mmoja wao, ambaye jina lake tunalihifadhi, alimjibu kwa furaha:

"Kabisa, daktari! Nikilala kwa mbavu, Amisi anakosa mahali ya kukalia!"

Siku hiyo marehemu alirudi nyumbani akaweka baiskeli chini, hakuiegemeza, akasema, "Mama Akiror, hawa watu wananipa uchungu wa kichwa. Hata ukweli ukiwaponya wanampa jini shukrani."

Ndipo alipofanya lile jambo mnalolikumbuka nyote, na ambalo mmelicheka vya kutosha. Siku ya soko alienda kwa Amisi mchana kweupe, akajilaza kwenye benchi la baraza ya duka mbele ya watu, ili waone mtu akilala mlangoni pa Amisi na kuamka salama. Alikuwa ametoka zamu ya usiku. Benchi lilikuwa jembamba, akalala chali. Yeye, kati ya watu wote! Amisi alisimama pembeni na futi ya kupimia shingoni, akiwaonyesha watu kama alivyoelekezwa: "Oneni macho yake yanatembea. Ni ndoto tu, hakuna kitu." Watu wakasogea. Basi hapohapo jinamizi likamshika. Alifumbua macho, akawaona wote, hawezi kusogea, hawezi kusema, anatoa tu mguno kooni. Soko lilitawanyika nyanya zikamwagika. Alipopata sauti alikuta amebaki na Amisi na mkewe, Zaitun.

"Daktari," Zaitun alimwambia taratibu, "tafadhali, usitusaidie tena."

Maneno hayo yalimuuma kuliko kicheko cha soko lote. Tangu siku ile hakuvaa nguo ya fundi mwingine. Kila Jumapili alienda kanisani na kaunda suti ya Amisi, na akiulizwa anageuza pindo nje aonyeshe kwamba mna uzi tu. Duka halikuinuka. Amisi aliishi kwa kushona sare za shule kutoka Busia mjini, ambako watu hawakuwa na habari ya baraza letu. Hakuhama. Jioni marehemu alikuwa akipita kwake kunywa chai.

Mwishoni mwa mwaka jana moyo wa marehemu ulianza kulegea. Miguu ilivimba, akawa analala ameegemea mito. Alitibiwa katika hospitali ya misheni ya Nangina, na familia inawashukuru masista na wauguzi kwa uangalizi wao. Mwezi wa pili walituambia tumrudishe nyumbani, na yeye mwenyewe, kwa kuwa ni wa kazi hiyo, hakuhitaji kufafanuliwa.

Lakini alikataa kulala. Tulidhani ni maumivu. Aliomba chai kali, aliomba redio, aliomba asomewe chochote, hata karatasi ya dawa. Kope zikishuka anajifinya mkono mpaka ukawa na alama. Mama alipombana akasema: "Nikifia usingizini watasema ni Amisi. Nataka nife macho wazi, mbele ya watu, niwe naongea." Mtu mgonjwa wa moyo, anakesha ili nyinyi msipate hadithi. Tulimbembeleza, tulimkemea, hakusikia. Alikuwa akiisha mbele yetu kwa kukosa usingizi, yeye aliyetumia maisha yake kuuelezea. Hatufichi, tulikasirika, na hatukumkasirikia yeye.

Jumanne tarehe 6 Machi, mchana, mama alimtuma mtu amwite Amisi. Alikuja na Zaitun, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Daktari, nimesikia hutaki kulala kwa sababu yangu."

"Watakumaliza, Amisi."

"Wamesema miaka tatu na bado nakula ugali. Wacha waseme. Lala, ndugu yangu."

"Jina lako je?"

"Jina langu Mungu analijua na h yake. Lala."

Marehemu akacheka kile kicheko chake cha puani, akageuka kwa ubavu kama alivyotufundisha sote, akalala. Hakuna aliyeondoka. Baada ya muda mama alitunong'oneza tutazame, na tuliona sote: macho yalikuwa yakitembea chini ya kope, huku na huku. Alikuwa akiota. Midomo ilisogea kidogo, kama mtu anayemsalimia mwenzake barabarani. Hakuguna, hakuhangaika, hakushika kifua. Kisha macho yakatulia, na pumzi nayo. Mama alikuwa ameshika mkono mmoja wa baba, na Amisi ameshika mwingine.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Tunayaandika kwa sababu tangu Jumanne jioni, katika boma hili, wakati sisi tukilia, kuna watu wamekuwa wakiulizana pembeni. Mama mmoja wa heshima, Nerima, alimfuata mjane mpaka jikoni.

"Pole sana, dada. Eti alikabwa?"

"Alilala," mama alimjibu. "Ulikuwa unataka afanye nini?"

Marehemu aliacha maagizo mawili. La kwanza, avikwe suti ya mwisho aliyoshonewa na Amisi, na amevikwa. La pili, alazwe chali ndani ya jeneza, yeye aliyetukataza kulala chali, na kifuniko kiachwe wazi mpaka kila mtu apite. Alisema, "Wakitaka kuona anayenikalia, waje waangalie." Kwa hiyo piteni. Tazameni kifua chake kwa nafasi, na ukitaka, geuza pindo.

Marehemu ameacha mjane, Akurut, watoto, Akiror, Echodu, Apolot, Opolot na Imoo, wajukuu, dada yake, Tabisa wa Angurai, na ndugu yake, Bwana Hamisi Yahya, fundi. Tunaandika haya kabla ya siku yenyewe, lakini tunawajua, na tunajua kwamba wakati yanasomwa atakuwa amesimama kule kwenye ua kwa kuwa hakuna aliyempa nafasi kwenye benchi. Mpeni nafasi. Baada ya mama, yeye ndiye atakayetia udongo.

Lala, baba. Tumekutazama mpaka mwisho, na hapakuwa na mtu juu yako.