Kinyago Kisichofunika Masikio

Mheshimiwa Afisa Elimu, Mwalimu Mkuu na walimu wako, wazazi wenzangu, wageni waalikwa, na ninyi watoto mliokaa mkekani ambao ndio wenye shughuli: habari za asubuhi!

Mimi ni fundi bomba. Nimezoea kuongea nikiwa chini ya sinki, tena na bomba lenyewe, kwa hiyo nikitetemeka mnisamehe. Nimeitwa niseme machache kuhusu kitabu kinachozinduliwa leo kwa sababu, jamani, nimo ndani yake. Mwandishi wetu, tuliyemwita Bi Maswali tangu tukiwa darasa moja, ameandika mashujaa watatu wenye nguvu za ajabu. Yupo Chafya, anayeruka angani akipiga chafya tu, na hajui atatua wapi. Yupo Domo, ambaye siri ikimfikia inamtoka kwa sauti ya kengele. Na yupo Masikio, anayesikia bomba likivuja mtaa wa tatu. Ninyi mnaonitazama hapa mbele, mnahitaji kuambiwa Masikio ni nani? Chekeni tu, leo ruksa.

Utotoni sisi tuliomo kitabuni ndio tuliokuwa tunabaki ukutani timu za mpira zikishagawanywa. Sasa dada huyu aliponiletea mswada, nilisoma kurasa mbili nikaufunga. Nikamwambia, "Dada, umenianika." Akasema, "Soma mpaka ufike kwenye vinyago." Nikasema sisomi ng'o!

Sikuwa nimenuna bure. Binti yangu amerithi masikio haya haya, na mwaka huu aligoma kwenda shule bila kofia ya sufu aliyoivuta mpaka shingoni, jua liwe kali namna gani. Mtoto aliyekuwa akiimba bafuni mpaka majirani wanagonga ukuta, akawa kimya. Mzazi gani hapa anaijua dawa ya kimya cha mtoto? Niliogopa kitabu hiki kitawapa wenzake maneno mapya ya kumcheka.

Kumbe mswada niliuacha juu ya friji, na aliyeusoma ni yeye. Tena alifika kwenye vinyago.

Mashujaa hawa wana sheria moja: kinyago kifunike kila kitu, isipokuwa kile ambacho watu wanakicheka. Ndiyo maana kila adui anawatambua mara moja, na ndiyo maana hawatishiki, kwani utamwaibisha kwa lipi mtu ambaye ameshakuonyesha mwenyewe? Basi Jumatatu moja binti akatoka chumbani na kinyago cha boksi la sabuni, uso wote umezibwa, macho kwenye vitundu, na masikio mawili nje kama vishikio vya sufuria. Mama yake akauliza, "Wewe nani?" Akajibu, "Mama, si unaona?"

Akaenda hivyo hivyo. Mwalimu wake wa darasa yuko hapa, shahidi. Darasa zima lilimjua, likacheka, naye akacheka nalo. Wiki haikuisha, mmoja kaja na boksi lililoacha mapengo nje, mwingine kaacha kovu lake la kidevuni, na mwalimu akaingia akakuta maboksi yamejaa kwenye madawati, asijue amwite nani.

Jamani, nimeshusha pumzi! Nilikuwa nimeibana tangu mwaka uanze. Bi Maswali, dada yangu, niliyekununia nikapita mlangoni kwako bila hodi, nasema mbele za watu: umenirudishia kelele za bafuni, na sina cha kukulipa.

Nimalizie. Tulipoingia ukumbini, binti yangu, yule pale safu ya mbele, kichwa wazi, nywele kazifunga kichogoni, alinivuta shati akaninong'oneza, "Baba, kuna bomba linavuja nyuma ya jukwaa." Nikasikiliza, sikusikia kitu. Nikamwambia ni mawazo yake. Akanitazama kwa huruma: "Baba, umezeeka."

Nimekwenda kuangalia. Linadondoka kweli! Kwa hiyo, Mwalimu Mkuu, shughuli ikiisha usifunge mlango ule. Mimi nitalikaza, na Masikio mwenyewe ataniambia kama limenyamaza.

Asanteni sana kwa kunitegea sikio.